Siku Niliyosingizia Jenereta

Ndugu zangu, sifa zimrudie Mungu aliyenisimamisha hapa.

Wengi mnanijua kama Mama Upendo wa kwaya. Mimi ni mwalimu, nilihamishiwa huku Mtwara kutoka Iringa, nikapangiwa shule ya sekondari upande wa Madimba. Wakati huo shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na umeme wake ulitoka kwenye jenereta aliyokuwa akiiwasha Bwana Saidi, mtu wa Mikindani, mpole sana.

Mkuu wa shule alinipa kazi ya kuchapa majina ya watahiniwa wa kidato cha nne. Nilichapa wiki tatu. Zilibaki siku mbili faili lipelekwe Dar es Salaam, na mtoto ambaye jina lake halimo hafanyi mtihani.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilitaka nafasi ya kuweka nyimbo za kwaya yetu, hii hii mnayoisikia. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, nikaona niipanue ile ya pili. Niliwahi kuonyeshwa kwenye semina mara moja, nikajiona fundi. Nikabonyeza hapa na pale, nikazima, nikawasha. Kioo cheusi! Mstari mmoja wa Kiingereza ukasema hakuna mfumo wa kuwashia.

Mkuu alipoingia na kuuliza kuna nini, mdomo wangu ukasema, "Umeme, mkuu. Jenereta ilizimika ghafla."

Ndugu zangu, nilidanganya. Mkuu akaenda kumfokea Bwana Saidi, akamwambia jioni aifungue ile jenereta atafute kosa. Mimi nikajifungia ofisini, nikaipaka kompyuta mafuta ya upako, nikaiwekea mikono, nikakemea. Haikuwaka. Sikula siku nzima. Kila mlango ukigongwa nilihisi wamekuja kunikamata.

Kesho yake fundi wa kompyuta akafika kutoka mjini na jenereta yake ndogo. Akauliza, "Ilikuwaje?" Mkuu akajibu kwa niaba yangu kwamba ni umeme. Fundi akatikisa kichwa. "Basi mafaili ya kwenye diski yameharibika. Naifomati, niweke Windows upya. Vilivyomo vyote vitafutika."

Mkuu akashusha pumzi. "Fanya tu. Tutachapa upya usiku na mchana."

Fundi akaingiza CD. Nikawaona wale watoto, mmoja mmoja, majina yao nayajua kwa mpangilio. Nikajua nikinyamaza sasa hivi, nimewafuta kwa mkono wangu. Nikasema moyoni, Baba, nifungue huu mdomo.

"Fundi, ngoja. Si umeme. Zile sehemu za diski nilizichezea mimi."

Mkuu alinitazama, sitaki kusema alinitazamaje. Fundi akaondoa mkono kwenye kibodi, akaniuliza niligusa nini na nini, nikaeleza yote, mpaka nyimbo za kwaya. Akasema, "Kumbe. Umehamisha tu alama ya kuwashia, umeipeleka kwenye sehemu isiyo na Windows." Akaweka disketi yake, akairudisha alama kwenye sehemu ya kwanza, akawasha. Ikawaka. Majina yote yalikuwepo.

Barua ya onyo nilipewa, na niliistahili. Lakini hofu ile iliniondoka pale pale, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko hata kompyuta.

Jioni nilimfuata Bwana Saidi kumwomba radhi. Nilimkuta ameifungua jenereta, vipuri vimetandazwa juu ya gunia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mimi nilishakubali kuwa ni mimi. Tangu jana natafuta kosa langu humu, silioni."

Ndugu yangu uliyekaa hapo na jambo lako, mwamini Mungu, atakupa mdomo kama alivyonipa mimi. Lakini usingoje ibada iishe vizuri ndipo ufikirie. Nenda leo. Kuna mtu mahali fulani anatafuta kosa ambalo si lake.