Mzee wa Kanisa Aliyewasubiri Wagonjwa Getini

Wapendwa waombolezaji, wasifu huu umeandikwa na kaka mkubwa wa marehemu, naye anausoma kama ulivyopigwa chapa. Alhamisi mchana baraza la wazee liliomba kwamba maneno matatu yaliyo chini ya picha, katika ukurasa wa kwanza wa nakala zenu, yaondolewe. Maneno hayo ni “mzee wa kanisa”. Familia iliketi, ikalitafakari ombi hilo kwa heshima inayolistahili, kisha ikalikataa. Atakayesikiliza hadi mwisho atajua kwa nini maneno hayo yapo, na kwa nini hayatafutwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mpiga chapa na mama mshonaji wa sare za shule. Baba alikuwa akirudi nyumbani na kurasa za vitabu vya dini zilizoharibika mashineni, na kwa kurasa hizo marehemu alijifunza kusoma kabla hajapelekwa shule. Alipotimiza miaka sita alikwisha kupata waumini wake wa kwanza, nao walikuwa wateja wa mama. Mteja akisimama kupimwa, gauni limejaa pini, mtoto yule alikuja na ukurasa wake na kuanza kuhubiri, kwa kuwa alikwisha kugundua kwamba mtu wa namna hiyo hathubutu kuondoka. Mama alimkemea mara nyingi. “Mwache mgeni wa watu, mwanangu. Hasikilizi, anaogopa pini.”

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, na sekondari ya wasichana kuanzia 1966 hadi 1969, ambako alikuwa wa kwanza katika sayansi na wa mwisho katika ushonaji, aibu ambayo mama hakuisamehe upesi. Mwaka 1970 aliingia chuo cha uuguzi, akahitimu Novemba 1973.

Tarehe 4 Februari 1974 aliripoti kazini katika hospitali ya rufaa, wodi ya mifupa, na wodi hiyo hakuihama hadi alipostaafu. Ilikuwa na vitanda ishirini na vinane. Juu ya kila kitanda palikuwa na fremu ya chuma na magurudumu madogo, na kamba iliyopita juu yake ikiuvuta mguu uliovunjika kwa uzito wa mfuko wa mchanga. Mgonjwa alilala chali hivyo wiki sita, wiki kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Hakuweza kujigeuza, sembuse kutoka.

Katika mwaka wake wa pili marehemu alimhudumia dereva wa lori aliyevunjika paja. Kila asubuhi alipomwogesha alimweleza habari za wokovu, na dereva aliitikia amina kila alipopumua. Marehemu alifurahi, akawaandikia wazazi kwamba amempata mtu. Siku uzito ulipofunguliwa na dereva kupewa magongo, alimuuliza kama sasa angependa kuja kanisani.

“Sista, tusemezane ukweli,” dereva alijibu. “Mimi nilisema amina ili chupa ya mkojo inifikie mapema. Wa kitanda cha pili hakuwa akisema, nikamwona anavyoteseka.”

Marehemu alimweleza kaka yake kwamba hakulia mbele ya dereva. Alikwenda chumba cha plasta, akasimama hapo mpaka uso ukakauka, kisha akarudi kumwomba radhi mgonjwa wa kitanda cha pili. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti, akalishika miaka thelathini na sita: hatamwambia habari za imani yake mtu asiyeweza kuinuka na kwenda zake. Mgonjwa akiomba sala, aliita kiongozi wa dini ya mgonjwa huyo. Mgonjwa akimuuliza yeye anaamini nini, jibu lilikuwa moja: “Njoo getini kwa miguu yako, nitakuambia yote.”

Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi wa mitambo wa hospitali hiyo hiyo, mtu mpole ambaye shemeji zake humwita Waya kwa sababu mfukoni mwake hamkosi kipande. Huyu ndiye aliyechomelea mabaki ya vitanda chakavu akatengeneza benchi, akaliweka nje ya geti, upande wa barabara. Hapo marehemu aliketi kila Alhamisi baada ya zamu, akiwa amevua sare, akimsubiri yeyote atakayekuja. Wagonjwa wakamwita Sista wa Getini.

Yupo hapa leo, safu ya tatu, fundi saa mmoja aliyelazwa mwaka 1998 akiwa amevunjika nyonga. Alikwisha kumfukuza mtaalamu wa mazoezi mara mbili, tena kwa maneno yasiyofaa kusomwa msibani. Siku moja alimchokoza marehemu.

“Sista, wewe unaamini nini hasa? Huo ukimya wako unanitia wasiwasi.”

“Njoo getini.”

“Geti lenyewe liko wapi? Si mbali huko?”

“Ni mbali. Ndiyo maana nakungoja.”

Ilimchukua siku ishirini na tatu. Alifika akisukuma fremu ya kutembelea, jasho likimtiririka, akaketi na kusema, “Haya, mama. Sema.” Marehemu alisema kwa robo saa, kwa furaha ya mtu aliyeruhusiwa. Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho.

“Siamini hata neno moja,” alisema.

“Sawa. Umefikaje hapa?”

“Kwa miguu yangu, si unaona?”

“Basi rudi kwa miguu, chai inapoa.”

Fundi saa aliendelea kuja Alhamisi baada ya Alhamisi kubishana naye, kwa miaka ishirini na mitatu. Ameturuhusu tuseme kwamba mpaka leo haamini. Lakini wapo kumi na mmoja katika kanisa hili walioingia wakitokea kwenye benchi lile. Familia haitawataja. Wanajijua, na kila mmoja wao alikuja akijua njia ya kuondokea.

Marehemu alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa Januari 1994. Jambo lililomvua cheo hicho lilianza kwa mwanamke muuza mboga, wa dini nyingine, aliyelazwa Julai 2003 akisubiri upasuaji wa paja. Daktari bingwa wa wodi alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu, tena mtu mwema. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda, akiomba kwa sauti na kumuuliza kila mgonjwa kama ameokoka.

“Leo nimemwambia daktari nimeokoka,” muuza mboga alimwambia marehemu wakati wa kuogeshwa.

“Umeokoka lini, dada?”

“Wapi, sista. Nataka jina langu lipande kwenye orodha. Nina watoto wawili nimewaacha kwa jirani.”

Marehemu alikwenda kukifungua kitabu cha upasuaji. Akasoma orodha za miezi sita, jina kwa jina, akakuta kwamba daktari hakuwahi kumpandisha mtu kwa sababu ya sala, wala kumshusha. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo moyo wake ulipouma zaidi: daktari hakuwa na hatia, na yule mama bado hakuwa huru. Akaenda ofisini kwake.

“Daktari, wagonjwa wanakuogopa.”

“Mimi nawaombea tu, sista.”

“Unawaombea ukiwa umeshika kisu.”

Daktari hakuacha. Marehemu aliuandikia uongozi wa hospitali, na tarehe 18 Agosti 2003 alitoa ushahidi mbele ya kamati. Alianza kwa kumsafisha daktari kuhusu orodha, kisha akaeleza alichoambiwa na mgonjwa. Hospitali ikaamua kwamba mfanyakazi asimwanzie mgonjwa aliye kitandani mazungumzo ya dini, na mgonjwa anayehitaji aitiwe mtu wa imani yake.

Jumapili, tarehe 2 Novemba 2003, baraza lilimvua cheo kwa kosa la kumshitaki ndugu na kuifunga Injili mdomo. Kabla ya uamuzi huo baraza liliomba maoni ya kaka yake, kwa kuwa alifundisha lugha za kale katika chuo cha theolojia. Aliandika kurasa kumi na moja, zenye Kigiriki na Kiebrania cha kutosha, akathibitisha kwamba aliyeitwa hana ruhusa ya kunyamaza. Marehemu alizisoma zote, akazirudisha mwenyewe.

“Kaka, kurasa zote hizi, na humu ndani hamna hata mgonjwa mmoja.”

Alikuwa amesema kweli. Kurasa zile zilisomwa barazani kwa sauti. Aliyeziandika anazikana leo kwa sauti hiyo hiyo, mbele ya jeneza, na anaomba kumbukumbu za baraza zionyeshe hivyo. Kuita si kumkamata mtu. Sauti inayoita humwachia anayeitwa nafasi ya kukataa, na isipomwachia, haijalishi ni maneno matakatifu kiasi gani yaliyomo, imekwisha kuwa amri ya mwenye nguvu kwa asiye na nguvu. Hilo halikuhitaji Kigiriki. Muuguzi alilijua.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2011, ila kwenye benchi la getini aliendelea kuketi kila Alhamisi. Septemba 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, na kuanzia Februari mwaka huu hakuweza tena kusimama. Alilazwa katika hospitali aliyoitumikia. Tarehe 20 Aprili mwenyekiti wa baraza alimtembelea, kwa nia njema bila shaka, akiwa na barua ya toba iliyokwisha kuandikwa.

“Ni sahihi tu, mama. Cheo kinarudi leo leo.”

“Mwenyekiti, unaiona hii mirija?”

“Naiona, mama.”

“Basi njoo siku nitakayoweza kusimama. Sasa hivi hata ukiniletea barua ya kukuuzia nyumba yangu nitatia sahihi, ili uniache nilale.”

Mwenyekiti aliondoka na barua yake, haina sahihi. Kwa sababu hiyo baraza linasema cheo hakijarudi. Familia inajibu kwamba cheo hakikuondoka. Mzee wa kanisa ni mlinzi wa watu dhaifu walio mikononi mwake, na katika miaka ile yote hakuna aliyewalinda kuliko yeye, hata dhidi yetu sisi wenyewe. Kama baraza linataka maneno yale matatu yafutwe, nakala zilizochapwa ni mia nne na zimo mikononi mwenu. Lipite safu kwa safu, likimwomba kila mmoja nakala yake, na kila mmoja ana haki ya kukataa.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa ameushika mkono wake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha wauguzi aliowafundisha, ambao wengine wamesimama pale nyuma wakiwa na sare kwa kuwa wametoka zamu. Ameacha pia kanisa hili, ambalo kwa miaka ishirini halikumtaka barazani, naye, mpaka miguu ilipomshinda, akaja kila Jumapili akaketi safu ya mbele, mahali ambapo kila mzee alilazimika kumtazama.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuliomvua cheo bado hatujastahili kupumzika.