Maboksi ya Kwenda Kerugoya

Ukiteremka kutoka ofisi za idara ya barabara kwenda Majengo, mjini Nyeri, zamani ulikuwa unakuta ubao mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili ya lami. Hapo Huseni alikuwa akiuza kahawa, birika juu ya jiko la makaa tangu asubuhi hadi jua linapoingia nyuma ya milima ya Nyandarua. Mwaka wa sabini na tano, mwezi wa saba, baridi ilikuwa ya kukunja vidole, na wateja wa kudumu wa ubao ule walikuwa watatu. Kingori aliitwa Wakili, kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kortini mara mbili katika kesi moja ya ng'ombe. Theuri aliitwa Rola, kwa kuwa ndiye aliyeendesha ule mtambo wa kushindilia barabara. Wa tatu alikuwa Wahome, karani wa ghala la serikali, naye walimtia jina la Stoo. Wahome alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda Kerugoya. Lori la idara lingeondoka Jumamosi asubuhi, na dereva alikubali kumbebea vyombo vyake, ilimradi viwe vimefungwa ndani ya maboksi, si kurushwa ovyo. Sasa ilikuwa Jumatano. Jumatatu alikuwa amemwambia mkewe Murugi, "Mambo ya maboksi niachie mimi," na tangu hapo alikuwa amepata boksi moja, la sabuni.

— Umepata? aliuliza Huseni, akimmiminia kahawa.

— Sijapata. Nimezunguka duka tano. Zamani walikuwa wanatupa maboksi nje, unaokota tu. Siku hizi wanauza, na wanauzia kastoma yao kwanza.

— Lakini ile ya sabuni niliona hapo kwa ghala, alisema Theuri. Iko sawa.

— Haina chini.

— Basi usiinue.

Wahome alimtazama aone kama anacheka. Theuri hakuwa anacheka.

— Nisipoinua, itafika Kerugoya namna gani?

— Hiyo ni swali ya dereva wa lori.

Kingori alikohoa. Alikuwa na namna ya kukohoa ambayo iliwafanya watu wangoje.

— Stoo, wewe unahangaika na karatasi. Boksi ya duka ni karatasi. Mvua ikinyesha hapo Karatina utafika Kerugoya na uji. Kile unataka ni sanduku ya majani chai. Ile ya mbao. Ndani iko na karatasi ya kung'aa, kwa pembe iko na bati. Mimi niko na mtu Kiriaini ataniwekea kumi.

— Ulisema hivyo Jumatatu.

— Na bado niko na yeye.

— Mimi nimeuliza mwenyewe, alisema Wahome. Moja ni bei ya kuku. Na ati kwanza niandikie kiwanda barua.

— Kuku gani? aliuliza Theuri.

— Jogoo.

Theuri alipiga mluzi. — Aca, hapana. Hiyo ni afadhali uhame na jogoo.

Kingori aliweka kikombe chini polepole, kama shahidi anayeapishwa.

— Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Maana yake?

— Maana yake kitanda inaingia kwa lori kwanza. Vitu ndogo ndogo mwisho.

— Na ngamani ni wapi?

— Ni huko mbele ya Mombasa.

Huseni, ambaye babu yake alikuja Nyeri akitokea Pwani, alifungua kinywa, akafikiri, akakifunga. Kahawa ilikuwa bado nyingi na siku ilikuwa ndefu. Badala yake akasema:

— Mbona usimwambie fundi wa mbao akutengenezee, Bwana Wahome?

— Nimemwendea. Nikamwambia nataka sanduku. Akavua kofia, akasema pole sana. Akaniuliza kama marehemu alikuwa mrefu kama mimi.

— Ukajibu nini?

— Nikasema ni vikombe. Akasema pole tena.

Walicheka, na Wahome akacheka nao, ingawa mawazo yake yalikuwa nyumbani. Jana jioni Murugi alikuwa amesimama mlangoni akiitazama mikono yake inavyorudi mitupu. Juzi alifanya vivyo hivyo.

— Mimi niko na dawa, alisema Theuri. Shemeji yangu huko Wamagana ananunua vifaranga wa siku moja. Wanakuja ndani ya boksi safi, nyepesi. Iko na matundu.

— Matundu ya nini?

— Ya kupumua.

— Vijiko yangu haipumui.

— Umewahi kufungia ukaona?

— Na sukari je? alisema Kingori. Sukari itamwagika njia yote. Siafu watafuata hiyo lori mpaka Kerugoya. Hapana. Kama ni Wamagana, hata mimi niko na mjomba huko, na yeye ako na mizinga ya nyuki kumi na mbili, zote tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sanduku ya wazee wetu. Ni mti mzima umechongwa ndani, na mfuniko huku na huku. Mvua haiingii, panya haiingii.

— Mbona tupu?

— Nyuki walihama.

Theuri alilifikiria jambo hilo kwa muda.

— Na wao walipata maboksi wapi?

Huseni ilibidi aliweke birika chini kwa kicheko. Wahome alihesabu vidole ndani ya mfuko wa koti. Kesho Alhamisi, halafu Ijumaa, halafu lori. Karani mpya alikuwa anaingia katika nyumba ile ya serikali siku hiyohiyo ya Jumamosi, na Wahome alishaona moyoni vyombo vyake vikiwa nje kwenye majani, majirani wakivipita.

— Hebu sikiliza, Theuri aliendelea. Huyo karani anakuja hapa, anatoka wapi?

— Kerugoya.

— Anakuja na vyombo?

— Lazima.

— Basi nyinyi wawili ni wajinga. Yeye anabeba kitanda analeta hapa. Wewe unabeba kitanda unapeleka huko. Hizo kitanda zitapishana hapo Karatina zikisalimiana. Kila mtu aache yake pale iko. Abebe bibi na watoto, basi.

Lilikuwa jambo la ajabu, na kadiri Wahome alivyolipindua kichwani ndivyo lilivyozidi kukosa kasoro. Kingori alishatoa kalamu na kuichana pakiti tupu ya sigara ili apate upande mweupe.

— Hii inasimama kortini kabisa, alisema. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye ni mgeni, wewe unapona. Tunaandika. Mimi Wahome, nikiwa na akili timamu, naacha nyumbani kwangu vitu vifuatavyo.

Alikuwa ameandika hadi hapo alipotokea mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani, kamba ya katani imening'inia begani. Hakuna aliyewahi kumwona pale.

— Hamjambo wazee. Nimesikia kuna mtu hapa anatafuta maboksi tangu Jumatatu.

— Ni huyu, alisema Huseni.

— Mimi naitwa Ngendo. Nauza maboksi hapo nyuma ya soko.

— Tangu lini? aliuliza Kingori kwa ukali kidogo, kama mtu aliyefichwa jambo.

— Huu ni mwaka wa nne.

Wanaume wanne walitazama upande wa soko, ambalo halikuwa mbali kiasi cha mtu kumaliza sigara njiani.

— Na bei? aliuliza Wahome.

— Bei si mbaya, hata karani ataweza. Lakini kwanza uniambie, ni ya kuweka nini?

— Vyombo.

— Gani?

— Ya nyumba.

— Sawa. Sufuria ni ngapi?

Wahome alifungua kinywa. Katika ghala la serikali, ungemwamsha usingizini angekutajia majembe sitini na manne, makarai thelathini na moja, sururu kumi na tisa na moja isiyo na mpini. Sasa alijaribu kuliona jiko la nyumbani kwake na akaona sufuria moja, ile ya kupikia githeri, nyeusi chini. Nyuma ya hiyo hakuona kitu.

— Ziko, alisema.

— Vikombe? Kuna kitu ya kuvunjika?

— Mimi nakunywa chai na kikombe ya bati.

— Na mama je?

Wahome akawatazama wenzake. Ngendo akawageukia wengine, labda akidhani wangemsaidia.

— Wewe mzee, kwako kuna sufuria ngapi?

Kingori aliikunja pakiti ya sigara akaitia mfukoni. Theuri alikuwa akiutazama Mlima Kenya kwa makini sana, na mlima wenyewe siku hiyo haukuonekana kwa ukungu.

— Kitu nzito inaenda boksi ndogo, alisema Ngendo, bila dharau. Kitu nyepesi, boksi kubwa. Kitu ya kuvunjika iko na boksi yake. Sasa nitakupa gani na hujui? Enda nyumbani uhesabu. Niko hapo mpaka saa kumi.

Wahome alinyanyuka. Kahawa yake aliiacha nusu.

Alimkuta Murugi amefunga nguo za watoto ndani ya shuka, mafundo manne makubwa yamepangwa ukutani. Mama huyu hakuwa mtu wa kungoja mvua ndipo aanue.

— Baba Wacera, mbona mapema?

— Nimetumwa nihesabu vyombo.

— Na nani?

— Na mwenye maboksi.

Murugi alimtazama, kisha akasogea kando ili apite. Wakaanza jikoni. Sufuria zilikuwa saba. Sahani kumi, mbili zimepasuka ukingoni. Pasi ya makaa. Taa mbili. Kila alichokiinua Wahome, Murugi alikitaja, naye akaandika nyuma ya bahasha. Chini ya kitanda alivuta kitu kilichofungwa kwa kanga, akafungua akakuta saa ya ukutani.

— Hii ni ya nani?

— Yetu. Inangoja msumari.

— Tangu lini?

— Tangu Wacera azaliwe.

Wacera alikuwa darasa la tatu. Serikali ilikuwa na magunia matatu ya misumari pale Nyeri, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Wahome. Aliandika: saa, moja.

Juu ya kabati, nyuma ya madebe ya unga, kulikuwa na kifurushi cha magazeti. Ndani yake vilitoka vikombe sita vya udongo mweupe, vina maua madogo ya buluu, na visahani vyake. Havikuwa na doa la chai.

— Na hivi?

— Vya wageni.

— Wageni gani?

Murugi alichukua kimoja akakifuta kwa upindo wa leso, ingawa kilikuwa safi.

— Wale wa kahawa. Wakili na Rola na yule Mwislamu. Mwaka ule tulihamia hapa ulikuwa ukirudi kila jioni unanieleza maneno yao, mpaka nikawajua. Nikasema hawa siku moja watakuja. Nikauza mayai, nikanunua.

— Hukuniambia.

— Nilingoja uwalete.

Miaka kumi na mmoja. Wahome alikaa juu ya fundo la nguo, bahasha mkononi. Alijaribu kusema kwamba hakujua, lakini hilo lilikuwa ndilo kosa lenyewe. Mwishowe akauliza tu:

— Ijumaa jioni uko na maziwa?

— Yatakuwako.

Saa kumi kasorobo alikuwa nyuma ya soko. Ngendo aliisoma bahasha kwa kidole, akamchagulia maboksi tisa: manne madogo magumu ya sufuria na vitabu, manne makubwa ya blanketi, na la tisa akalitoa chini kabisa ya rundo lake. Lilikuwa boksi la divai ya misa kutoka misheni, lina vyumba sita ndani vya kutenga chupa. Kwa yote tisa alitaka bei isiyofika nusu ya jogoo.

— Hii ni ya vile vikombe vya maua, alisema. Kila kimoja kinalala chumba yake.

— Ijumaa ukimaliza, alisema Wahome, uje unywe chai kwetu.

Walikuja wote. Theuri alikuwa amenyoa ndevu. Kingori alivaa tai, akazungukia vyumba vitupu akitikisa kichwa kama mtu anayekagua mali ya kesi. Huseni alifika na birika lake la kahawa, lakini Murugi akalipokea mlangoni na kuliweka chini.

— Leo utapewa, alimwambia.

Huseni alikalishwa kwenye boksi la vitabu. Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, na Murugi akammiminia chai hadi ukingoni.

— Mama Wacera, alisema taratibu, miaka kumi na tano nawamiminia watu. Sijui hata mtu akimiminiwa husema nini.

— Husema asante.

— Asante.

Kingori alikohoa na kusema kwamba wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ngendo akamwuliza maana yake, akajibu kwamba maana yake chai ni tamu. Hakuna aliyepinga.

Waliongea habari za Kerugoya, na baridi, na yule karani mpya anayekuja, kama atapenda kahawa. Jua liliteremka. Kimoja kimoja, Murugi alivisuuza vikombe, na Wahome alivifuta, akivifunga kwa gazeti na kuvilaza katika vyumba vyake, vingine vikiwa bado na joto. Vilipofika vitano alisimama, boksi limefunguka mbele yake na kamba ya Ngendo iko tayari mkononi. Chumba kimoja kilikuwa kitupu.

Theuri alikuwa bado anakunywa. Alipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa zamani, akanywa kidogo sana, akakiweka kikombe juu ya goti. Hakuna aliyemharakisha.