Ottavio Ramella na Magari Mawili ya Barabara ya Oropa

Baba padri, ndugu waombolezaji na wapenzi wa magari ya kale, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Ottavio, aliyezaliwa hapa Biella tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili wa mzee Battista na mama Pierina, mdogo wa Celestino, ambaye leo ameketi hapa mbele.

Alihitimu ufundi wa mitambo mwaka 1959, akaajiriwa katika kiwanda cha sufu hadi alipostaafu mwaka 1998, na tarehe 23 Aprili 1966 alifunga ndoa na Ornella, wakajaliwa binti mmoja, Loredana.

Mzee Battista alipofariki, Lancia yake ya mwaka 1938 ilirithiwa na Celestino, naye Ottavio akajinunulia Alfa Romeo nyekundu ya mwaka 1967, na tangu hapo polenta, ule ugali wa Jumapili kwa mama yao, haikulika bila ubishi, mmoja akisifu milango isiyo na nguzo katikati, ambayo bibi yao aliingia bila kuvua kofia, mwingine akisifu gia tano na paa la kukunjwa.

Tarehe 6 Juni 1971, mbele ya wageni, Ottavio alimcheka: "Kaka, hilo kabati lako likipanda mlima wa Oropa litazimia njiani."

"Na hilo kopo lako la nyanya je? Twende tukaone!"

Mvua ilikuwa imeanza walipopanda mlima, kila mmoja na gari lake, na Ottavio, aliyetangulia, badala ya kupunguza mwendo alipiga honi ya kejeli kila kona, kaka yake akazidi kukanyaga mafuta, hadi Lancia ikateleza na kubingirika bondeni, na Celestino akakatwa mguu wa kulia.

Ottavio hakuiendesha tena Alfa, bali aliokota mabaki ya gari la baba, akalifufua kibandani kwa miaka kumi na mitatu, akalitengenezea breki na mtambo wa mafuta wa kubonyeza kwa mkono ili mwenye mguu mmoja aweze kuliendesha, na muda wote huo alimtuma Ornella kumjulia hali kaka yake, maana macho yake hayakuweza kuyatazama magongo ya Celestino.

Mei 1984 alilifikisha langoni kwa Celestino, linang'aa, akasimama akiwa ameinamisha kichwa.

"Ulidhani nalililia gari?" Celestino alimwuliza. "Mguu ulichukuliwa na kona, mdogo wangu. Ndugu yangu ulimchukua wewe, uliponikimbia."

Ottavio alilia pale pale, akaingia ndani, akala, na tangu siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja, ingawa Ornella anasema aliendelea kushtuka usingizini kila honi iliposikika barabarani.

Aliugua mapafu kuanzia Januari 2018, akafariki tarehe 9 Novemba 2019 saa kumi alfajiri, Celestino akiwa amemshika mkono. Jioni iliyotangulia alikuwa amemwomba msamaha kwa mara nyingine, akajibiwa, "Nilikusamehe zamani, mbishi wewe, ila hukutaka kushindwa hata kwa hilo," naye akacheka hadi akakohoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula, wenzake wa kiwandani, na wanachama wa klabu ya magari ya kale walioyaegesha magari yote mawili nje ya kanisa, ubavu kwa ubavu, yamezimwa.

Celestino ameomba Ottavio asiimbiwe wimbo, aambiwe tu kwamba Jumapili ataandaliwa sahani yake.

Umeomba msamaha vya kutosha, Ottavio. Sasa pumzika kwa amani.