Namba ya Siri ya Kijiwe cha Marsela

Kama umewahi kupita Karatu mjini ukielekea geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, kijiwe cha Marsela umekiona hata kama hukukitilia maanani. Kuna benchi moja refu, birika juu ya jiko la mkaa, na nyaya za chaji zimening'inia ukutani. Hapo ndipo madereva wa watalii wanapongojea safari, na hapo pana desturi moja: anayepitiwa na usingizi, au anayekwenda kuosha gari, huacha simu yake kwenye chaji, na aliye karibu huipokea na kusoma ujumbe, maana kazi ikipiga hairudii. Kwa hiyo kila mtu pale anaijua namba ya siri ya mwenzake. Ukificha yako unaambiwa una roho mbaya, au una nyumba ndogo. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati, na Melkizedek, dereva wa Rombo ambaye Karatu nzima inamwita Melki, alikuwa amesimama. Mtu akisimama wakati benchi lina nafasi, jua ana jambo.

Simu yake aliiweka juu ya paa la gari pale sheli wakati akikagua tairi, kisha akaondoka nayo huko huko juu. Alipofika kijiweni ndipo alipojipapasa mfukoni. Ndani ya simu ile zilikuwamo pasipoti za wageni wake, baba, mama na mtoto, alizozipiga picha kwa ajili ya kibali cha kuingia hifadhini. Anneth, bosi wake wa Arusha, alimwambia azifute wakishavuka geti. Hakuzifuta. Wageni walikuwa wamelala lodji wakipumzisha mifupa baada ya kushuka kreta, na mchana alitakiwa kwenda kuwatazama machoni.

Melki: Nimerudi sheli, nimetembea barabara nzima. Hamna kitu.

Aliyemjibu ni Brian, kijana wa Arusha wanayemwita Netiweki kwa sababu hupotea pale hasa anapohitajika.

Netiweki: Naipiga, inaita tu. Haipokelewi.

Melki: Piga tena.

Netiweki: Arifu, nimepiga mpaka kidole kimechoka.

Jaji: Kaa kwanza unywe kahawa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Melki: Mimi ndiye nyama, Jaji.

Jaji ni Wilibrodi, mkulima wa maharage. Mahakamani ameingia mara moja tu maishani, tena kama shahidi wa mbuzi, lakini tangu siku hiyo hutoa hukumu.

Netiweki: Sikilizeni. Tunaingia kwenye akaunti yake kupitia simu yangu, tunaifunga ile huko iliko, tunafuta kila kilichomo. Neno la siri la akaunti?

Melki: Si uliliweka wewe.

Netiweki: Mimi niliweka namba ya gari.

Marsela: Alibadilisha wakati wa Kwaresima. Akaweka jina la binti yake, Winnie, na mwaka aliozaliwa. Alitutangazia hapa hapa.

Netiweki: Ngoja. Winnie... Imekubali.

Melki: Afadhali. Ifunge basi.

Netiweki: Inasema imetuma namba ya kuhakiki.

Melki: Imetuma wapi?

Netiweki alikuna kichwa, akamtazama Marsela, akatazama birika.

Netiweki: Kwenye simu yako.

Melki alikaa, akasimama tena. Tobiko, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Arash aliyekuja kwa ajili ya mnada, alimsogezea kikombe.

Tobiko: Kunywa, yero. Tatizo lenu ni kutumia miaka na majina ya watoto. Mimi neno langu la siri ni jina la fahali wangu.

Marsela: Yule unayemwimba kila mnada?

Tobiko: Huyo huyo.

Marsela: Hata watoto wa Arash wanalijua jina lake.

Tobiko: Wanalijua, ila wanaliheshimu.

Jaji: Tuache fahali. Hatari hapa ni pasipoti. Mwizi akizipata anachonga mgeni wa pili.

Melki: Mgeni wa pili wa nini?

Jaji: Pacha. Asubuhi anafika Loduare, anaonyesha pasipoti, anapita. Mgeni wako akifika mchana anaambiwa, samahani mzee, wewe umeshaingia.

Netiweki: Wala haendi getini. Siku hizi picha ya pasipoti inatiwa uhai, inafungua mdomo inaongea. Yule baba atapiga simu kwao Ulaya kwa sura yake mwenyewe, aseme ametekwa Karatu.

Marsela: Ametekwa na nani?

Netiweki: Na dereva. Nani mwingine?

Hapo Melki aliogopa kweli kweli. Mpaka dakika ile alikuwa akiwaza kufukuzwa kazi, na kufukuzwa kazi mtu hupona. Sasa alimwona yule mtoto wa wageni, aliyemshika mkono jana wakitazama viboko, uso wake ukizunguka duniani mikononi mwa watu asiowajua. Alijisikia mwizi.

Tobiko: Mnazungumzia wageni tu. Ile simu inashuka kreta kila wiki, inajua kila njia. Mwizi akiifuata, itamfikisha kwa faru.

Jaji: Faru ana walinzi.

Netiweki: Na ana chipu kwenye pembe. Sasa kama ile chipu iliwahi kusalimiana na bluetooth ya Melki...

Melki: Simu yangu haijasalimiana na faru yeyote.

Jaji: Huwezi kuapa. Macho yako yalikuwa barabarani.

Melki: Jamani, tuseme ukweli. Namba yangu mnaijua wote. Hiyo ni siri gani?

Jaji: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na namba ni hivyo hivyo, itangaze upone.

Melki: Nimetangaza. Mbona siponi?

Jaji: Penye wazee haliharibiki neno.

Melki: Limeshaharibika, mzee wangu. Nipeni simu nimpigie Anneth nimwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu.

Netiweki alikuwa bado anaitafuta namba ya Anneth pale ukungu ulipomtoa mama mmoja wa makamo, kapu mkononi, kanga imefungwa imara kifuani.

Mama: Hamjambo hapa.

Marsela: Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

Mama: Asante, sikai. Naitwa Selestina, natoka Daa. Nimeokota simu kwenye kona ya sheli, nikaambiwa mwenyewe hukaa hapa.

Benchi zima likasimama.

Melki: Ni yangu, mama. Mungu akubariki. Tumekupigia sana.

Selestina: Imeita sana. Mimi simu ya mtu sipokei.

Melki: Basi nipatie.

Selestina: Subiri, baba. Pale kwa kinyozi kuna kijana naye alisema ni yake. Akabonyeza namba, ikafunguka mbele ya macho yangu.

Melki: Ikafunguka?

Selestina: Ikafunguka. Nikamuuliza jina, akasema Melkizedek. Kinyozi akacheka, akasema huyu si Melkizedek, huyu hunywa naye kahawa kwa Marsela. Nikamnyang'anya. Kwa hiyo namba usinipe. Niambie kitu kilichomo humu ambacho unakijua wewe peke yako.

Melki alipumua. Hilo alilimudu.

Melki: Picha ya mbele ni ya binti yangu, siku ya...

Marsela: Kipaimara. Lile gauni nilimshonea mimi.

Selestina hakumtazama Marsela. Aliendelea kumtazama Melki.

Melki: Ujumbe wa mwisho ni wa mke wangu. Anasema...

Netiweki: Migomba imeangushwa na upepo, uje Jumamosi. Nilimsomea mimi, alikuwa anakula.

Melki: Nyamazeni. Mama, humo kuna pasipoti za wageni wangu. Hizo hapa hakuna aliyeziona. Mtoto wao anaitwa...

Tobiko: Oskar. Mama yake tumezaliwa mwezi mmoja.

Melki aligeuka taratibu.

Melki: Wewe umeziona wapi?

Tobiko: Jana, ikiwa kwenye chaji. Nilikuwa natafuta tochi.

Jaji: Mimi alinionyesha Tobiko. Yule baba ana masikio makubwa.

Ndipo simu ikaita mkononi mwa Selestina, na kwenye kioo likatokea jina la Bosi Anneth. Mikono yote ikanyooka kwa pamoja kama ilivyozoea, wa Netiweki, wa Jaji, wa Tobiko, wa Marsela ukiwa bado umeshika kikombe, na wa Melki ukiwa wa mwisho. Selestina alirudi hatua nyuma, akaibana simu kifuani, akaitazama ile mikono mmoja mmoja.

Selestina: Nyinyi watu. Kwani hii simu ni ya nani?

Melki alifungua mdomo aseme ni yangu, akaona kwamba kila mtu pale angeweza kusema hivyo hivyo, na kuthibitisha. Marsela akainua birika amwongezee kahawa, yakatoka machicha. Simu iliendelea kuita.