Vuta, Simama, Laza: Maisha ya Marehemu Papa Habarurema Théogène (1964–2024)

Jumanne tarehe 11 Juni 2024, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, Mama yetu Élisabeth alikuwa ameketi mlangoni kwetu Majengo, hapa Goma, akichambua maharagi. Simu ililia. Alikuwa dada yetu Patricia, ambaye ni mwuguzi kule Bukavu na ndiye aliyekuwa akimhudumia Papa hospitalini. Patricia alisema, "Mama, Papa amelala." Mama alifurahi, maana usiku uliotangulia Papa hakupata usingizi hata kidogo. Akauliza kama amekula mbele ya kulala. Kisha Patricia akasema, "Hapana, Mama. Bwana amemulaza."

Mama aliweka ungo chini, akafunika yale maharagi kwa kitenge, na majirani wakaanza kuingia uwanjani kabla machozi yake hayajatoka.

Neno hilo la kulaza Patricia hakulitafuta. Lilikuwa neno la Papa, na wote waliofanya kazi naye kwenye bandari ya Goma wanalijua. Tutaeleza mahali alipolipata.

Papa Habarurema Théogène alizaliwa Kibati, tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa tatu wa Ézéchiel Tuyisenge na Nyiramahirwe, ambao wote wawili wamemtangulia. Wazazi wake walikuwa wakulima, na walikuwa na ng'ombe wachache. Alibatizwa akiwa mtoto. Bibi yetu Nyiramahirwe alipenda kusimulia kwamba Théogène hakuweza kuona jiwe bila kutaka kulisukuma, na kwamba siku moja alifunga kamba ya ng'ombe kwenye mti, akaizungusha kwenye gogo, akavuta kisiki ambacho baba yake alikuwa ameshindwa kukitoa shambani. Kisiki kilitoka. Kamba ilikatika, na ng'ombe akaenda zake mpaka kwa jirani.

Alisoma shule ya msingi palepale Kibati kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akateremka Goma kwa masomo ya sekondari. Alimaliza miaka miwili. Baba yake alipofariki mwaka 1979, yeye aliacha shule na kwenda bandarini kubeba mizigo, ili wadogo zake waendelee. Huko alikuwa pamoja na Barthélemy Nsengimana, rafiki yake wa Kibati tangu utoto. Walibeba pamoja, walikula pamoja, na hata walivaa viatu vya namba ileile ili mmoja akikosa aazime kwa mwenzake.

Tarehe 28 Julai 1990 Papa alifunga ndoa na Élisabeth Mukagasana, msichana kutoka vilima vya Masisi aliyekuwa akiuza sambaza karibu na bandari. Msimamizi wa ndoa alikuwa Barthélemy. Mama anasema Papa alinunua sambaza kwake kwa muda mrefu sana bila kusema kitu, mpaka Barthélemy alipochoka na kumwambia yeye mwenyewe: "Dada, huyu mutu hapendi samaki." Bwana aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1991 bato la mizigo La Patience, ambalo lilikuwa likienda Bukavu na kurudi, liliwekewa treyi. Kwa wale wasiojua bandari, treyi ni ile mashine yenye injini yake na ngoma ya chuma ambayo kebo inajizungusha juu yake. Inatoa mzigo katika tumbo la bato, inaupitisha hewani, inauweka chini kwenye gati. Wabebaji walikasirika wakisema chuma hicho kitakula chakula chao. Papa alichaguliwa kukiendesha kwa sababu alikuwa mmoja wao, na aliwaeleza kwamba treyi inafika gatini tu, na kutoka gatini mpaka kwenye lori bado ni bega. Ilikuwa mashine ya mtumba, iliyotoka kwenye bato jingine huko Kalemie. Kila ilipowashwa ililalamika na kutikisika kwa muda kabla ya kukubali kazi. Akina mama wa bandari waliipa jina la Mama-mukwe, na jina hilo halijatoka hadi leo.

Yule anayeendesha treyi anakaa juu, na toka pale haoni ndani ya tumbo la bato. Lazima mtu mwingine awe macho yake, asimame chini karibu na mzigo na kumwambia la kufanya. Macho ya Papa yalikuwa Barthélemy. Walifanya hivyo miaka mingi bila mtu kuumia. Nyumba yetu ilipochomwa na volkano Januari 2002, Barthélemy na watu wa La Patience ndio waliotujengea ile tunayoishi.

Tarehe 9 Agosti 2005 walikuwa wakipakua simenti. Wavu uliojaa mifuko ulikuwa umeinuliwa kutoka chini, na Barthélemy aliona mfuko mmoja unaanza kuchomoka. Akapaza sauti, "Acha!" Alitaka kusema: usivute tena, baki hapo. Papa alikuwa ameshika mkono wa freni. Yeye alisikia: achilia. Akaachilia, na wavu ukamwangukia Barthélemy mguuni.

Kila mmoja wetu anajua kwamba neno lile lina maana zote mbili. Mama anamwambia mtoto "acha" ili asiendelee, na mtu aliyeshika kamba anaambiwa "acha" ili aitoe mkononi. Bandarini watu walibishana sana, wengine wakimpa haki huyu, wengine yule. Papa hakubishana na mtu. Alimbeba rafiki yake mgongoni mpaka kwenye gari, akakaa naye hospitalini, na ndiye aliyekuwapo daktari alipoeleza kwamba mguu wa kulia utakatwa chini ya goti.

Papa aliporudi kazini alichukua rangi nyeupe na kuandika maneno matatu ubavuni mwa treyi: VUTA, SIMAMA, LAZA. Hakuna neno jingine lililoruhusiwa pale. Alipoulizwa kwa nini hakuandika "shusha", ambalo ndilo kila mtu analitumia, alijibu kwamba mzigo wa kushusha unaweza kuanguka, lakini hakuna mtu anayelaza kitu kwa kukitupa.

Neno "acha" alilikataza hata nyumbani. Ilitusumbua sana sisi watoto. Siku moja ndugu yetu Ézéchiel alikuwa ameketi kando ya Patricia akimvuta nywele, na Patricia akalia, "Simama! Simama!" Ézéchiel akasimama wima, mikono bado imeshika nywele, akaendelea kuvuta. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Papa naye alijaribu kukasirika, lakini haikuwezekana.

Barthélemy alipopona alirudi bandarini kama mshonaji wa nyavu za mizigo. Alikaa kwenye kiti chake kifupi kando ya gati, sindano mkononi, mgongo wake ukielekea mabato. Pasaka ya mwaka 2007 wachungaji waliwakutanisha kanisani. Barthélemy alisimama mbele ya watu, akasali kwa sauti, akamsamehe Papa. Walishiriki meza ya Bwana pamoja. Tangu siku hiyo alikuja kwetu kwa kila sikukuu, na sisi tulikwenda kwake.

Lakini Papa alikuwa na ombi moja. Alitaka Barthélemy asimame tena mbele ya treyi na kumpa neno, hata mara moja tu, hata kulabu ikiwa tupu. Barthélemy alimjibu kwa upole: "Théo, nilikusamehe mbele ya Mungu, na sirudi nyuma. Lakini sauti yangu, kwa ile chuma, hutaisikia tena." Papa hakumlaumu. Alituambia jioni hiyo kwamba mtu anaweza kukusamehe kwa kweli na bado sauti yake ikakataa kukurudia. Aliliweka jambo hilo katika sala za nyumbani, baada ya wagonjwa na kabla ya amani ya nchi yetu. Sote tulikua tukisema "Amina" juu yake.

Alikuwa shemasi kanisani tangu mwaka 2010. Hakuhubiri. Alipanga viti, alitengeneza jenereta, na waliofiwa walimwona anafika kabla ya wengine.

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 2022. Aliendelea kufanya kazi siku alizoweza, na miezi ya mwisho, barabara zilipofungika kwa vita na mji ukawa unakula kwa njia ya ziwa, alisema si wakati wa kulala. Mwezi wa Machi mwaka huu nguvu zilimwisha. Alimkabidhi treyi mwenzake Munezero, aliyemfundisha mwenyewe, akapanda La Patience kwenda kwa Patricia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusafiri juu yake kama abiria. Walipofika Bukavu alikataa kushuka mpaka mzigo wote utoke, akakaa akisikiliza. Kisha alimwambia Munezero kwamba anavuta vizuri, lakini analaza kwa haraka, kama mtu ambaye ana miadi.

Asubuhi ile ya tarehe 11 Juni aliomba kusomewa Zaburi ya 23. Mwuguzi mwingine alipotaka kuteremsha kichwa cha kitanda, Papa, ambaye kufikia hapo hakuwa na sauti tena, alinyoosha kiganja kikitazama chini na kukipeleka polepole, alivyokuwa akiwafundisha watu wa bato. Patricia alielewa, akazungusha mkono wa kitanda taratibu. Papa alifumba macho. Hakuyafumbua tena. Alikuwa na miaka sitini.

Papa ameacha mjane, Mama Élisabeth Mukagasana, watoto, Charline na mume wake, Patricia, na Ézéchiel na mke wake, wajukuu watano, dada yake Perpétue wa Kibati, na rafiki yake Barthélemy Nsengimana, ambaye familia imeomba aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Juzi Alhamisi, La Patience lilimrudisha nyumbani. Ziwa lilikuwa na upepo, bato lilikuwa likicheza, na ubao wa kushukia ulikuwa umelowa. Wanaume walijaribu kulibeba sanduku, wakarudi. Kapiteni akashauri lishushwe kwa treyi. Mama alikataa. Alisema, "Bwana yangu si mufuko ya simenti."

Munezero alivua kofia. "Mama Charline, hii treyi njo mikono yake. Miye nitashika tu."

Mama aliitazama ile mashine na yale maneno meupe ubavuni mwake. Mwishoni aliuliza kitu kimoja: "Na nani atasema?"

Ndipo sauti ilitoka nyuma ya watu, upande wa nyavu: "Ni miye, shemeki."

Barthélemy alikuwa amekwisha kusimama. Alikuja kwa gongo lake mpaka ukingoni mwa gati, akampa Ézéchiel gongo, akashika bega lake, kwa kuwa alihitaji mkono wa kulia uwe huru. Munezero akawasha treyi. Ililalamika na kutikisika kama kawaida yake, na akina mama waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka. "Mama-mukwe naye analia," mmoja alisema. Kisha ikatulia, na watu wakatulia.

Mara ya kwanza Barthélemy alifungua kinywa na sauti haikutoka. Munezero alingoja, mkono kwenye freni. Hakuna aliyemsaidia kusema.

"Vuta," alisema Barthélemy.

Sanduku liliinuka katika mikanda yake miwili, na shuka jeupe likapepea. Lilipita juu ya maji, likafika juu ya gati, likawa linayumba kwa upepo.

"Simama."

Aliliacha litulie lenyewe. Alilitazama mpaka halikuyumba tena hata kidogo. Kisha alinyoosha kiganja kikitazama chini.

"Laza," alisema. "Laza, Théo. Polepole."

Sanduku lilifika chini bila sauti. Barthélemy aliinama akishikilia bega la Ézéchiel, akatoa kulabu kwa mkono wake mwenyewe, akaiachilia irudi juu tupu. Mama alimshika mkono.

Leo, Jumamosi tarehe 15 Juni, hapa makaburini Makao, hakuna treyi. Kamba zitashikwa na Ézéchiel na watu wa La Patience, na Papa Barthélemy atasimama upande wa kichwa. Tunawaomba wote, baada ya sala ya mchungaji, tunyamaze mpaka atakaposema neno.

Bwana amlaze, polepole.