Bi Mlio na Watu Wanne wa Zamu

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyombo kwenye sinki kidogo, havitakimbia. Leo tunamkumbuka mama aliyepokea simu za zimamoto kwa miaka ishirini na sita. Miaka ishirini na sita, kiti kilekile. Kazini walimwita Bi Mlio. Alifariki wiki iliyopita, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Kwa nini Bi Mlio? Sikilizeni. Sheria ya kituo ilisema gari halitoki bila watu wanne. Zamu ilikuwa na watatu. Wa nne aliitwa kutoka nyumbani kwake, na gari likamsubiri huku linaunguruma. Muda ulianza kuhesabiwa lini? Gari likishavuka lango! Kwa hiyo kila ripoti ilisema dakika tano. Dakika tano, safi kabisa.

Siku moja duka la fundi cherehani liliungua. Watu walipona, mashine zote zikateketea. Kesho yake fundi akaja dirishani kwa Bi Mlio, bado ananuka moshi.

"Dada, nasikia mmeandika dakika tano. Mimi nimesimama barabarani na ndoo dakika ishirini na mbili."

Angeweza kumpa pole akafunga dirisha. Hakufunga. Alifungua daftari, akakata ile tano, akaandika ishirini na mbili. Tangu siku hiyo alihesabu kuanzia mlio wa kwanza wa simu. Alijaza kurasa miezi mitatu kabla mkuu wa kituo hajagundua.

"Mama, unatuvua nguo hadharani!"

"Bosi, nguo zenyewe hatuna. Tuletee watu."

Jibu lilikuwa stoo. Akapelekwa kukunja mipira ya maji, na akaonywa kwamba hatua inayofuata ni barua ya kufukuzwa. Binti yake anakumbuka: "Tulimwambia, mama, omba radhi tu, kazi ikienda tutakula nini? Akasema, 'Nikiomba radhi nitakuwa nimesema fundi ni mwongo. Nipe chumvi.'"

Alikaa stoo miezi minne. Kisha wakaguzi wakaja. Wakawauliza waliounguliwa, wakalinganisha na madaftari. Kurasa za Bi Mlio tu ndizo zilizolingana na maneno yao. Kituo kikaongezewa watu wanane. Wanane! Kila zamu ikapata wanne wake na wa akiba, gari likawa linatoka hapo hapo. Naye akarudi kwenye kiti chake. Hakujisifu. Aliuliza tu, "Nani amekilegeza hiki kiti?"

Dereva wa gari anasema, "Ulimi wake ulikuwa wembe. Lakini mke wangu aliposhikwa na uchungu nyumbani peke yake, ni Bi Mlio aliyebaki naye kwenye simu, akimchekesha mpaka tukafika."

Jana tulimzika. Kikosi kizima kilitaka kuja na gari kumsindikiza. Binti yake akakataa. "Waje walio mapumziko. Wanne hawatoki kituoni, labda kuwe na moto."

Tukiwa makaburini, king'ora kikapita barabara ya chini, kwa kasi. Binti akacheka huku machozi yanamtoka. Tukacheka wote.

Kwa mume wake, binti yake na wajukuu: poleni sana. Mlikuwa na mtu. Nasi wengine tujiulize, bila kujidanganya: ni hesabu gani tunaipamba kazini, na nani anaungua tukiipamba?