Wimbo Ambao Hautapigwa Leo: Maisha ya Mdogo Wangu, Nyuzi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa bendi mliokaa mstari wa mbele, leo Jumamosi tarehe 13 Aprili 2024 tunamsindikiza mtu ambaye wengi mlimjua kwa jina la Nyuzi. Nimeombwa mimi dada yake mkubwa niandike haya kwa sababu katika waliokuwepo alipozaliwa nimebaki peke yangu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini tarehe hazinipotei.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Novemba 1952, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba namba kumi na nne. Alikuwa mtoto wa tano na wa mwisho. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, mama alikuwa akishona. Jina la Nyuzi alilipata akiwa na miaka tisa. Alitengeneza gitaa la debe, akakosa waya, akachomoa waya wa breki wa baiskeli ya baba. Hakusema. Asubuhi baba akateremka mteremko wa karakana kama upepo, akaenda kusimama ndani ya ua wa jirani. Jirani akamwambia, "Mzee mwenzangu, siku hizi hodi unapiga kwa gurudumu?" Baba alirudi ameshika fimbo, akamkuta mtoto analipiga lile debe. Akasikiliza, akavuta kiti, akakaa. Ndivyo marehemu alivyolelewa: palipostahili fimbo alipigiwa makofi.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili. Mimi nilikuwa nimekwishatolewa shule nishone na mama ili wadogo wasome. Sikulalamika. Kaptula alizovaa sekondari nilizishona mimi, na kila alipopita nilikuwa naangalia mishono yangu kabla ya kumwangalia yeye.

Kuanzia 1969 alikuwa fundi redio, kibanda cha tatu mkabala na stendi ya mabasi. Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na wifi yangu, ambaye alikuwa nesi. Wifi alipomwuliza anafanya kazi gani, alisema ni fundi redio. Habari za gitaa alizisikia baada ya kuvishwa pete. Walianza maisha nyumbani kwangu, chumba cha pili, ukuta kati yetu ukiwa wa mbao.

Hapa inabidi niseme jambo langu, maana bila hilo maisha yake hayaelezeki. Tarehe 12 Machi 1981 mwanangu wa mwisho, wa kike, alifariki kwa surua. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Wiki ile nilikaa sakafuni nikawa naimba ili nisipige kelele. Nilitunga mistari minne. Mmoja unasema: "Viatu vyako nimevipanga, mguu huu na mguu huu." Nilikuwa kweli nimevipanga. Aliyenisikia ni mmoja tu, upande wa pili wa mbao.

Februari 1984 marehemu aliacha redio akaunda bendi na watu wanne: mwalimu wa fidla aliyetoka ng'ambo, mpiga ngoma aliyekimbia vita nchi jirani, mpiga tarumbeta aliyestaafu bendi ya polisi, na mpiga kinanda wa ukoo wenye duka la vitambaa. Walitaka kuuchanganya muziki wa Kiafrika na wa kila mtu, dunia iusikie. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi katika chumba changu cha kushonea, wakikalia majora ya vitambaa. Fidla ilisoma karatasi, ngoma haikutaka hata kuiona karatasi. Marehemu alimwimbia kila mmoja sehemu yake kwa mdomo mpaka ikamwingia. Mpiga ngoma alikuwa akimwambia, "Nyuzi, wewe ungepatanisha paka na panya, halafu ungewadai waimbe." Bendi ile ilifika nchi kumi na moja, na bila yeye isingefika hata stendi. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Sheria yao ilikuwa kwamba kila mtu alete wimbo wa kwao, wenzake wauongezee vya kwao. Mpiga ngoma alileta wa mavuno. Mwalimu wa fidla alileta wa harusi ya bibi yake. Zamu ya marehemu ilipofika hakuwa na kitu. Sisi ni watoto wa nyumba za reli. Nyimbo tulizokua nazo ni za redio na king'ora cha karakana. Aliona aibu kuwa yeye peke yake hana kwao. Akawapelekea wimbo wangu, na huo peke yake waliufanyia mazoezi studio, si kwangu.

Kanda aliniletea mwenyewe, akiwa amevaa shati jipya. Niliiweka, nikasikia ngoma, tarumbeta, kisha viatu vya mwanangu. Kwenye karatasi ya kanda kuliandikwa: wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Mtunzi alikuwa ameshika birika la chai.

"Huu umeutoa wapi?"

"Dada, si wa kwetu?"

"Kwetu kwa nani?"

"Mwalimu aliniuliza umetoka wapi, nikasema nyumbani. Akaandika asili."

"Na wewe mkono wako ulikuwa umekatika?"

Akaivuta kola ya lile shati jipya. Kisha akasema, "Ningekutaja, wangekuja kukuuliza unahusu nini."

Nilimwomba jambo moja: ile karatasi isahihishwe. Akaahidi. Wimbo ulitolewa tena 1993 na tena 2007, na mtunzi akaendelea kutojulikana. Kila harusi niliyokwenda ulipigwa. Pale kwenye viatu watu wazima waliinua mguu huu, kisha mguu huu, wakicheka. Mara moja jirani alinivuta mkono: "Bibi wewe, cheza! Huu si wa kwenu?" Nilisema magoti yananiuma.

Juni 2019 marehemu aliugua figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya wilaya. Wifi alimpeleka Jumatatu, mimi Alhamisi. Alhamisi moja ya Februari mwaka huu, akiwa kwenye mashine, alisema, "Dada, bado umenikasirikia."

"Meza dawa kwanza."

"Miaka arobaini unaniambia nimeze kwanza."

"Na wewe miaka arobaini unasema utasahihisha."

Alicheka mpaka nesi akaja. Alipotulia aligeuza uso ukutani, akalia. Sikumbembeleza. Nilishika kikombe mpaka alipokihitaji. Alifariki Jumanne tarehe 9 Aprili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wifi yangu akiwa amemshika mkono.

Juzi Alhamisi mwalimu wa fidla, ambaye sasa anatembelea fimbo, alikuja msibani kuomba wimbo ule upigwe kaburini.

"Mama, bila huo watu watashangaa."

"Washangae."

Nikamweleza.

"Aliniambia ni wa zamani sana," akasema.

"Wimbo ulikuwa na miaka mitatu."

Aliomba radhi, na radhi yake nimeipokea, maana yeye alidanganywa. Ameniambia karatasi itaandikwa upya. Nimemwambia nimekwisha kuiandika, ndiyo hii mliyoshika.

Kwa hiyo kwenye ratiba hamtaukuta wimbo ule. Ni wa maziko ya mtu mwingine, na mwenyewe alizikwa nao. Bendi itapiga ule wa treni ya asubuhi, ambao marehemu aliutunga mwaka 1991 kwa kichwa chake mwenyewe. Ni mzuri kuliko wangu. Alikuwa na kipaji hicho siku zote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, na mimi dada yake. Wametangulia wazazi wetu, kaka zetu watatu, na mwanangu.

Mdogo wangu, Mungu akupe pumziko lake. Kukusamehe nimeanza, sijamaliza. Wewe lala salama. Kazi hiyo niachie mimi.